Uzi: Kwa nini Fullmetal Alchemist ya mwaka 2003 inauma kuliko Brotherhood?

Mwanaisha_Tanga

Habari zenu wanajukwaa. Ambaye hajatazama aniwie radhi, kwa sababu nitasimulia mpaka mwisho.

Naleta hoja ambayo najua wengi wataipinga. Anime (katuni ya Kijapani) ya kwanza ya Fullmetal Alchemist, iliyotengenezwa na studio ya Bones chini ya mwongozaji Seiji Mizushima na kurushwa Japani tangu Oktoba 2003 hadi Oktoba 2004 kwa sehemu 51, inaijua huzuni ya mfiwa kuliko Brotherhood, anime ya pili ya hadithi hiyohiyo ya mwaka 2009, ingawa Brotherhood ndiyo inayoifuata manga (hadithi ya michoro) ya Hiromu Arakawa hadi tamati na ndiyo inayosifiwa kila kona.

Ushahidi wangu wa kwanza ni Nina. Katika ile ya 2003, Edward na Alphonse, ndugu waliojaribu kumfufua mama yao kwa alkemia, sanaa ya kugeuza vitu, wakashindwa (Edward akapoteza mkono na mguu, Alphonse mwili wote), wanakaa nyumbani kwa Shou Tucker wakati Edward akijiandaa na mtihani wa kuwa mwanaalkemia wa dola. Tunamzoea yule mtoto na mbwa wake Alexander, tunamwona akicheza thelujini, akiwangojea kaka zake wapya wamalize kusoma. Baba yake anapomgeuza yeye na mbwa kuwa kiumbe kimoja, mtazamaji anakuwa amepoteza mtu wa nyumbani. Katika Brotherhood mambo yote hayo yanaanza na kwisha ndani ya sehemu ya 4. Kadhalika kifo cha Maes Hughes, ofisa wa jeshi rafiki yao: ile ya kwanza inatuacha naye mpaka sehemu ya 25, ilhali ya pili inamzika katika sehemu ya 10, kabla hatujazichoka picha za binti yake anazomwonyesha kila anayekutana naye.

Naomba maelezo. Studio ni ileile, hadithi ni ileile, kwa nini uzito haulingani?

Kalamu_Nyeusi

Shukrani kwa uzi, dada Mwanaisha. Kuna jambo la kuweka sawa kabla watu hawajaanza kuilaumu Brotherhood. Habari ya Nina katika manga ni sura moja tu, nayo imo katika juzuu la 2. Ndugu wawili wanafika kwa Tucker kusoma maktaba yake, Edward akiwa tayari mwanaalkemia wa dola, wanacheza na mtoto, wanaondoka, wanarudi, na balaa limeshatokea. Hughes naye anakufa katika juzuu la 4, na manga nzima ina juzuu 27. Kwa hiyo mwongozaji Yasuhiro Irie na mwandishi Hiroshi Ōnogi hawakukata chochote. Wao walifuata kipimo cha Arakawa mwenyewe. Waliorefusha ni Mizushima na mwandishi wake Shō Aikawa.

Walirefusha kwa sababu hawakuwa na la kufanya. Manga ilianza mwaka 2001 katika jarida la Shōnen Gangan la kampuni ya Square Enix, na jarida hilo hutoka mara moja kwa mwezi. Anime ilipoanza Oktoba 2003, takribani robo ya sura zote 108 ndiyo iliyokuwa imechapishwa. Ukipewa robo ya hadithi na ukaambiwa ujaze mwaka mzima wa televisheni, kila siku ya Nina itakuwa ya thamani kwako. Uzito unaousifu ulizaliwa na uhaba.

Hamidu_wa_Ilala

Mimi nasimama na Brotherhood bila kuyumba. Mapigano ya mwisho ya ile Siku Iliyoahidiwa yanaendelea sehemu baada ya sehemu na hakuna mhusika anayesahauliwa, hata wale askari wadogo wa ngome ya Briggs wana kazi yao. Dada Mwanaisha anapenda hadithi za kuliza, nasi tuliosoma nyuzi zake za zamani humu tunalijua hilo. Hadithi pia inaruhusiwa kufurahisha.

Nyangumi254

Salamu kutoka Nairobi. Maelezo ya Kalamu_Nyeusi ni ya kweli kwa upande wa ratiba, lakini uhaba peke yake hauzai maana. Zipo anime nyingi zilizoipita manga yake zikaishia kujaza vipindi visivyo na kichwa wala miguu. Hii ya 2003 iliamua jambo moja mapema na ikalishikilia hadi mwisho: kwamba kosa la kutaka kumrudisha maiti huzaa kitu, na kitu hicho hukutazama usoni.

Kumbukeni homunkuli, wale viumbe bandia wenye umbo la watu, wanatoka wapi. Katika manga wote wanatokana na yule anayeitwa Baba, ambaye ameziondoa tamaa zake saba nafsini mwake na kumpa kila mmoja wao tamaa yake. Katika anime ya 2003 kila homunkuli ni tunda la mtu aliyejaribu kumfufua mpendwa wake akashindwa. Sloth ana sura ya Trisha, mama yake Edward na Alphonse, kwa sababu wao ndio waliomtengeneza usiku ule katika ghorofa ya chini. Wrath ni mtoto aliyetokana na kosa la mwalimu wao Izumi. Lust alikuwa mpenzi wa kaka yake Scar, yule muuaji wa wanaalkemia wa dola. Edward analazimika kupigana na kitu chenye uso wa mama yake, kitu ambacho kisingekuwepo kama yeye angekubali kwamba mama amekwenda.

Ndipo anakuja Dante, adui mkuu wa toleo hilo, na hoja yake kuhusu ile kanuni ya alkemia ya kubadilishana kwa usawa, kwamba ili upate kitu lazima utoe chenye thamani sawa. Anamwambia Edward kwamba katika mtihani wa dola wapo waliosoma kwa bidii kama yeye, wakalipa gharama ileile, na bado walianguka; basi usawa uko wapi? Sijawahi kuona anime nyingine ikiinuka dhidi ya kanuni yake yenyewe namna hiyo. Kwa maoni yangu jibu la dada Mwanaisha limo hapo: toleo la 2003 linauma kwa sababu linakataa kuahidi kwamba machozi yana malipo.

FundiViungo_Moshi

Natengeneza viungo bandia, na ndiyo kazi inayonilisha, kwa hiyo mtaniruhusu nizungumzie mkono na mguu wa chuma wa Edward, ambavyo hadi sasa hakuna aliyevigusa.

Huzuni ya hadithi hii imewekwa mwilini. Baada ya upasuaji wa kuunganisha chuma na neva, bibi Pinako, fundi wa viungo hivyo, anasema mazoezi ya kurudisha nguvu huchukua miaka mitatu, na yule mtoto anajibu kwamba atayamaliza kwa mwaka mmoja. Wagonjwa wa umri wake nimewasikia wakisema maneno ya aina hiyohiyo, na wengine hulia usiku ili wazazi wasiwasikie. Tena kuna tukio ambalo watazamaji wengi hulipita haraka. Edward anarudi kijijini kwao Resembool baada ya Scar kumvunja mkono, na Winry, mjukuu wa Pinako na fundi wake, anapompima anakuta kwamba mguu wa chuma nao unahitaji kurefushwa, kwa sababu mvulana amekua. Anavalishwa mguu wa akiba, mwepesi na wa kawaida, anachechemea nao uani wakati Winry anakesha kwenye benchi la kazi. Kwa mtoto anayekua ndivyo ilivyo: kigutu hubadilika, mfupa hurefuka, soketi iliyomkaa vizuri mwaka jana inamchubua mwaka huu, na fundi hana budi kuanza upya na vipimo. Mchoraji asiyejali asingekumbuka kumrefushia mguu.

Tena nenda Briggs, kule kaskazini kwenye baridi. Edward anaambiwa kwamba chuma chake kitamgandisha nyama hadi afe, na inabidi abadilishiwe kiungo chenye mchanganyiko mwingine wa madini, chepesi zaidi, ingawa si kigumu kama cha kwanza. Sehemu hiyo imo katika manga na Brotherhood, na katika ile ya 2003 haimo, kwa kuwa Arakawa alikuwa hajafika huko. Kwa hiyo mimi naona Brotherhood inaijua hasara kwa undani kuliko mnavyoisifu ile nyingine. Mwisho wa hadithi Edward anarudishiwa mkono, lakini mguu wa kushoto unabaki wa chuma, na anaendelea kuishi nao, anaoa nao, anapanda treni nao.

Mwanaisha_Tanga

Fundi, ahsante sana. Hili la kurefushwa mguu nililiona mara nyingi bila kuliona. Hata hivyo hoja yako inanipa nguvu. Katika ile ya 2003 Edward anaishia upande wa pili wa Lango, katika Ujerumani ya ulimwengu wetu, ambako hakuna Winry wala chuma kinachotii neva, naye anavaa viungo bandia vya kawaida kama unavyovitengeneza wewe. Amempata mdogo wake akiwa hai, lakini hawaonani. Alphonse amerudi na mwili wa mtoto wa miaka 10 na hakumbuki chochote cha miaka waliyosafiri pamoja. Niambieni ni tamati gani nyingine ya anime ya vijana iliyothubutu kuandika hivyo.

Kaka Hamidu, ni kweli napenda hadithi za kuliza, na sioni sababu ya kuzikimbia.

Mfugaji_Iringa

Wakuu, nimesoma yote na naona mmemsahau mwenye hadithi. Hiromu Arakawa alizaliwa Hokkaido mwaka 1973 katika familia ya wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, akasoma sekondari ya kilimo, akafanya kazi shambani kwa wazazi wake miaka saba kabla ya kwenda Tokyo kuchora. Hata picha anayojichora mwenyewe katika majuzuu ni ng'ombe aliyevaa miwani. Mtu aliyekulia zizini ameshazoea kwamba ndama anaweza kuzaliwa alfajiri na kufa jioni, na kesho yake maziwa lazima yakamuliwe. Kwetu hapa nimelala mara nyingi na ng'ombe mgonjwa, akafa, na kulipopambazuka wenzake walikuwa wananiita kwa njaa.

Ndiyo sababu, kwa maoni yangu, manga haikai matangani. Nina anazikwa na safari inaendelea, na si kwa sababu mwandishi hajali. Mtazameni Izumi anavyowatupa wale watoto kisiwani kwa mwezi mzima wajitafutie chakula, mpaka Edward anaelewa kwamba sungura, mchwa, nyasi na yeye mwenyewe wote wamo katika mzunguko mmoja wa kula na kuliwa. Hilo ni somo la shambani kabla halijawa somo la alkemia. Mizushima na Aikawa walileta huzuni ya mtu wa mjini, mwenye nafasi ya kukaa na maombolezo yake. Sisemi ni huzuni ya uongo. Nasema si ya Arakawa.

Hamidu_wa_Ilala

Mfugaji umesema. Swali dogo basi: ikiwa mwandishi ametoka kwenye maziwa, kwa nini shujaa wake anayachukia maziwa kiasi kile, hadi kila mtu anamwambia ndiyo sababu harefuki?

Mfugaji_Iringa

Ndugu Hamidu, ni kwa sababu anajua kwamba mtoto asiyekunywa maziwa harefuki. Watoto wangu wanne wote wamenipita kimo.

FundiViungo_Moshi

Kwa heshima zote kwa ng'ombe wa Iringa, hadithi yenyewe inadokeza kwamba uzito wa chuma mwilini ndio unaoweza kumzuia kukua. Maziwa yasibebeshwe lawama yote.

Bi_Rukia_Unguja

Assalaam aleykum. Nimefundisha historia sekondari kwa muda mrefu, na anime hizi nimeletewa na wanafunzi wangu kwenye flashi. Nashangaa kwamba mmezungumzia huzuni ya Edward peke yake wakati kuna taifa zima limeuawa ndani ya hadithi hii.

Arakawa ameeleza kwamba alipowaandika watu wa Ishval, wale walioangamizwa na jeshi, alikuwa akifikiria Hokkaido kwao, ambako walowezi wa Kijapani, wazee wake wakiwa miongoni mwao, waliwaondoa Waainu katika ardhi yao. Tena aliwatafuta watu waliopigana vita vya pili vya dunia akawasikiliza. Ukilijua hilo utaona kwa nini swali la nani aliwaua wazazi wa Winry si jambo dogo. Katika anime ya 2003 aliyewapiga risasi madaktari Rockbell ni Roy Mustang, mwanaalkemia na mkubwa wa Edward jeshini, kwa amri ya wakubwa wake, kwa kuwa walikuwa wakiwatibu majeruhi wa Ishval. Katika manga ni Scar mwenyewe, mgonjwa wao, aliyezinduka katika wazimu wa uchungu, akaona mkono wa kaka yake umeunganishwa mwilini mwake, akawaua walioyaokoa maisha yake.

Mabadiliko hayo yanageuza hadithi nzima. Katika toleo la kwanza dhambi inarudi kwa askari, na kisiasa ni jambo la kijasiri. Lakini katika manga na Brotherhood, Winry anamwelekezea Scar bastola, anashindwa kuifyatua, na baadaye kule kaskazini anaufunga kwa kitambaa mkono wa mtu huyohuyo unaovuja damu. Anasema wazi kwamba hajamsamehe. Anamfunga jeraha kwa sababu anaamini wazazi wake wangefanya hivyo. Naliweka tukio hilo juu ya vifo vyote mlivyovitaja.

Na ndugu Kalamu_Nyeusi, kusema kwamba Brotherhood haikukata chochote si sahihi. Juzuu la 15 karibu lote ni vita vya Ishval: Mustang akichoma mitaa, Hawkeye akiwa bado msichana na bunduki yake, Armstrong akishindwa kuendelea na kurudishwa nyumbani. Brotherhood ililikamua juzuu hilo likawa sehemu ya 30 peke yake. Kama kuna mahali pa kulalamikia haraka, ni hapo, na Nina asubiri zamu yake.

Kalamu_Nyeusi

Aleykum salaam, Bi Rukia, na shikamoo. Kwa juzuu la 15 sina ubishi, na wala sidhani kwamba hali ya mambo iliwaruhusu vinginevyo. Sehemu zilikuwa 64 kwa sura 108, na sura ya mwisho ya manga ilitoka Juni 2010 wakati sehemu ya mwisho ya Brotherhood ilirushwa tarehe 4 Julai mwaka huohuo, maana yake walikuwa wakikimbia sambamba na kalamu ya mwandishi. Kazi ya namna hiyo inahitaji nafasi mwishoni, na njia pekee ya kuipata ni kuibana mwanzoni na katikati.

Naongeza sababu ambayo haijatajwa. Watu wa Bones walijua kwamba mtazamaji wao wa mwaka 2009 alikuwa ameshaiona ile ya kwanza miaka mitano tu nyuma. Ndiyo maana sehemu ya 1 ya Brotherhood ni kisa kipya kabisa, kile cha Isaac McDougal wa barafu, ambacho hakimo katika manga wala katika anime ya kwanza. Wanatutambulisha kwa wahusika kana kwamba tunakutana na jamaa tuliowahi kuishi nao. Waliegemea machozi tuliyokwisha kuyamwaga.

Nyangumi254

Kama hivyo ndivyo, basi Brotherhood ilikopa, na dada Mwanaisha ameshinda hoja yake bila kusema zaidi.

Hata hivyo ningependa tuupime muziki pia. Michiru Ōshima ndiye aliyetunga muziki wa ile ya 2003, na alipofika kwenye kosa la wale ndugu wawili aliweka wimbo wa Kirusi, ndugu mmoja akimwomba mwenzake msamaha kwa kutaka kumrudisha mama. Akira Senju katika Brotherhood ana muziki mkubwa wa okestra unaofaa vita na maandamano. Ukitazama matukio yanayofanana, moja baada ya jingine, utaona masikio yako yameshaamua kabla ya macho.

Mwajuma_K

Samahani kwa kuingilia. Mimi nilitazama kwa sauti za Kiingereza na nikagundua kwamba sauti ya Alphonse si ileile katika matoleo mawili. Je, hilo haliwezi kuwa sehemu ya sababu? Yule wa kwanza alisikika mtoto kwelikweli.

Kalamu_Nyeusi

Ni kwa sababu alikuwa mtoto kweli. Aaron Dismuke aliingiza sauti ya Alphonse katika toleo la Kiingereza akiwa mvulana mdogo, na ilipofika zamu ya Brotherhood sauti yake ilikuwa imeshavunjika, nafasi ikaenda kwa Maxey Whitehead. Dismuke naye alirudi akampa sauti Hohenheim, baba wa ndugu hao, akiwa kijana. Katika Kijapani hakuna mabadiliko: Romi Park ni Edward na Rie Kugimiya ni Alphonse katika matoleo yote mawili, na wote ni wanawake. Kwa hiyo aliyetazama kwa Kijapani na bado akaona tofauti ya uzito atatuhitaji tumpe sababu nyingine.

Mwanaisha_Tanga

Mimi nilitazama kwa Kijapani, na tofauti niliiona.

Bi Rukia, nimelifikiria sana tukio la Winry na nakubali ni kubwa. Ninachokipinga ni kwamba manga mwishowe inalipa madeni yake karibu yote. Edward anatoa Lango lake, yaani alkemia yake nzima, anampata Alphonse. Ishval inaanza kujengwa upya na Scar anaishi kuliona hilo. Hata kanuni yenyewe inarekebishwa kwa upole, Alphonse anaposema kwamba ukipewa kumi uongeze moja lako urudishe kumi na moja. Ni tamati nzuri na nilitabasamu. Lakini nilipomzika mama yangu hakuna kumi iliyonirudia, na anime iliyonieleza hali hiyo ni ile ya 2003.

Bi_Rukia_Unguja

Pole sana mwanangu, Mungu amlaze mahali pema. Sitabishana nawe juu ya hilo. Nakuuliza tu jambo moja la ndani ya hadithi: Alphonse hasemi kwamba mama atarudi. Katika manga hakuna aliyekufa anayerudi, na kile kitu walichokitengeneza usiku ule, Edward alipokifukua kaburini kwa mikono yake huku akitapika, aligundua kwamba hakikuwa mama yao hata kidogo. Kwangu mimi hapo ndipo maombolezo yalipoanza upya na kwa njia ya sawa, kwa sababu aliacha kujihesabu kuwa amemuua mara ya pili. Ile ya 2003 haimwachii nafuu hiyo; inamfanya yule kiumbe atembee.

Nyangumi254

Na ndiyo sababu inauma, Bi Rukia. Tumerudi palepale.

Mwajuma_K

Basi mdogo wangu anayetaka kuanza aanze na ipi?

Hamidu_wa_Ilala

Brotherhood, moja kwa moja. Asipotezwe njia.

Nyangumi254

2003 kwanza, kisha filamu yake ya mwaka 2005, ile inayomkuta Edward mjini Munich mwaka 1923, halafu Brotherhood. Akigeuza mpangilio hataivumilia ile ya zamani.

FundiViungo_Moshi

Mpangilio wowote, mradi lile tukio la mguu wa akiba asilisogeze mbele kwa haraka.

Bi_Rukia_Unguja

Kama ana njia ya kuipata manga, aanze na manga, na akifika juzuu la 15 alisome taratibu. Dada Mwanaisha, wewe uliwahi kulisoma juzuu hilo, au unaijua Ishval kwa sehemu ya 30 tu?

Mwanaisha_Tanga

Kwa sehemu ya 30 tu, Bi Rukia. Nalitafuta wiki hii, kisha nitarudi hapa kumjibu Mfugaji kuhusu huzuni ya mjini, kwa sababu hilo sijalikubali.